Makochi ya Jirani

Nimewahi kuwa tajiri kwa siku moja maishani mwangu, na utajiri huo nusura uninyime chuo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani Nyakitonto nalima maharage na mama huku nikingoja matokeo. Yakatoka, yakawa mazuri. Ubaya wa matokeo mazuri ni kwamba hayalipi ada. Mkopo wa serikali nilioomba ulikuja wa nusunusu, wa kunifikisha kwenye geti la chuo na kuniacha hapo na begi langu. Kwa hiyo nikaingia kwenye kazi ambayo kila binti aliyefaulu na asiye na kitu anaijua, kazi ya kutafuta ufadhili.

Wafadhili wote wanaongea lugha moja. Wanataka kumwezesha mtoto wa kike. Wanataka kiongozi wa kesho. Wanataka uandike insha kuhusu ndoto zako, halafu nyingine kuhusu changamoto kubwa uliyopitia na namna ulivyoishinda. Kama ningekuwa nimeishinda ningekuwa naomba nini? Nina rafiki, tulilala bweni moja, alimzika baba yake kwenye insha. Alilia kabisa wakati anaandika, na baba mwenyewe yuko nje anakatia ng'ombe majani. Akapata ufadhili. Baba yake alifurahi mno, akachinja mbuzi, na sisi marafiki tukala nyama ya mbuzi wa marehemu.

Mimi ujasiri huo sikuwa nao. Baba yangu alikuwa hai, tena hai kupita kiasi. Alikwenda Tabora kulima tumbaku nikiwa shule ya msingi, huko akaota mizizi, akapata mke mwingine na watoto wengine, na kila msimu wa mauzo alitutumia salamu. Salamu tu. Mama alizipokea kwa adabu zote na kuendelea kupalilia.

Maombi nilikwenda kuyajazia Kasulu mjini, kwenye steshenari ya mzee mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Tanga zamani. Anauza madaftari, kanzu na udi, na kwenye kona ana kompyuta moja ambayo sidhani kama kuna msomi wa wilaya yetu hajaigusa. Amezaliwa Kasulu, lakini Kiswahili chake hakijawahi kushika vumbi letu. Yeye ndiye aliyekuwa akituchapia, na kila alichochapa alikitolea maoni.

"Hapa waulizwa changamoto," aliniambia siku ile. "Zako zipi?"

"Baba yuko Tabora."

"Hiyo si changamoto, mwanangu, hiyo ni jiografia. Toa nyingine."

Tukapata nyingine, hazikuwa za kutafuta. Akachapa, akasoma dua, akabonyeza. Nikarudi shamba.

Haikupita muda mrefu akanipigia simu. Mfuko mmoja wa kusomesha wasichana ulikuwa umenibakiza kwenye mchujo, na wangekuja nyumbani kuona hali ya familia kabla ya kuamua. Wakiridhika kwamba kweli hatuna uwezo, chuo chote kingelipwa, ada, chakula, malazi na vitabu. Wasiporidhika, nirudi kwenye maharage.

"Sasa nisikilize vizuri," mzee akasema. "Waja kutazama shida. Basi iacheni shida ikae hapo hapo waione. Msipambe, msiazime. Mficha uchi hazai."

Nikarudi nyumbani mbio kumpa mama habari. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwa furaha niliyokuwa nayo nilisema, "Mama, tutapata wageni."

Ningesema wakaguzi, ningesema polisi, ningesema hata watu wa kodi, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilisema wageni, na mama yangu akiambiwa wageni haambiwi tena kitu kingine.

Lazima nimweleze mama yangu kidogo. Mama yangu hajui kusema sina. Ukienda kwake kuomba chumvi na yeye hana, atakuambia keti, karibu, subiri kidogo. Atatokea mlango wa nyuma, atapita migombani mpaka kwa jirani, ataomba chumvi, atarudi nayo amejaza kiganja, na wewe utaondoka ukijua nyumba ile imejaa chumvi. Na usidhani yuko peke yake. Jirani naye ni vilevile. Kuna wakati naamini kitongoji chetu kizima kina pakiti moja ya chumvi inayozunguka, na hakuna aliyewahi kukosa, na hakuna aliyewahi kuwa nayo. Ndivyo tulivyo Waha. Mgeni asione njaa ya nyumba. Akiiona, aibu si yenu tu, ni ya kitongoji kizima, mtaimbwa mpaka Kibondo.

Nilimpa mama ujumbe wa mzee kama ulivyo, pamoja na methali yake.

"Uchi?" akasema. "Yule mzee na kanzu yake yote amekutajia weye uchi?"

"Ni methali, mama."

"Akae nayo."

"Mama, hawa watu wanakuja kuangalia umaskini."

"Na huo umaskini watauangalia wakiwa wamekaa wapi?"

Kweli, kwetu kulikuwa na kigoda kimoja na benchi la mguu mbovu ambalo ukilikalia lazima ujue pa kukaa, la sivyo linakutupa. Kumwelekeza mgeni pa kukaa kwenye benchi, mama aliona ni matusi.

Asubuhi ya ugeni, kitongoji kikahamia kwetu. Jirani yetu wa bondeni, ambaye mumewe hupeleka maharage Manyovu kuwauzia Warundi na ndiye mwenye hela kuliko wote pale, alitoa makochi yake. Wanaume waliyapandisha mlimani wakihema, na vitambaa vyake vya kufuma juu, vimefuliwa kwa bluu. Akatoa na kabati la vyombo, vyombo vikiwa ndani. Mwingine akaleta televisheni. Umeme hatuna, waya hatuna, lakini televisheni ikawekwa juu ya meza na kitambaa kichwani, ikae tu, ionekane ni nyumba ya watu. Mzee wa kanisa akafunga ng'ombe wake nyuma ya nyumba, kwenye mgomba wetu, bila kuombwa. Kuku wakaletwa. Mchele ukaletwa. Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi nikiangalia watu wanaonipenda wakinimaliza.

Waswahili wanasema cha kuazima hakisitiri matako. Chetu kilisitiri. Kilisitiri vizuri mno, hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Gari likaja, jeupe, lenye antena ndefu, limegeuka jekundu kwa vumbi mpaka madirisha. Akashuka mwanamke wa makamo, mrefu, wa miwani, mwenye lafudhi ya Iringa, pamoja na dereva wake. Mama akawapokea kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, kama tunavyosalimiana kwetu. Yule dada wa mfuko akadhani anapongezwa kwa kufika, naye akapiga makofi. Wakapigiana makofi pale uani kwa muda. Kila mmoja alionekana ameridhika.

Ndani akakaa kwenye kochi. Likambonyea. Nikamwona anaangalia kabati, anaangalia televisheni, anaandika. Anaangalia vitambaa, anaandika. Kila alipoandika mama alikuwa akitabasamu, akiamini anapewa maksi.

"Mama, kwa siku mnapata milo mingapi?"

"Inategemea na wageni."

"Nimeona ng'ombe hapo nyuma. Ni wenu?"

"Hao ng'ombe wapo," mama akasema. Hakusema uongo, nakubali. Ng'ombe alikuwepo.

"Maziwa yanatosha?"

"Yanatosha, dada. Tunamshukuru Mungu."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa dume. Nilifunga macho nikamwomba Mungu huyohuyo amfanye yule dada asinyanyuke kwenda kumwangalia, halafu nikagundua kwamba ninaomba dua mbaya, ilipaswa niombe anyanyuke, aende, achungulie. Hakunyanyuka. Kuku alikuwa ameshaletwa, na ugali wa muhogo, na wali kwa wasiopenda muhogo, na sombe, kisamvu chetu, iliyoungwa kwa mawese mpaka inang'aa. Dereva alikula akanyamaza, akaongezewa, akala tena. Mimi nilisimama na jagi la maji ya kunawa nikijaribu kumtumia yule dada ujumbe kwa macho. Aliniambia nina macho mazuri, nikasome kwa bidii.

Utaratibu wao ulitaka wamuulize pia mtu wa jirani. Nikafurahi, nikasema hapa sasa ndipo ukweli utatoka, nikampeleka mwenyewe kwa jirani wa bondeni, yule yule wa Manyovu.

Tukamkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Watoto wake walikuwa chini, kwenye mkeka, wanakula viazi kutoka kwenye sufuria moja, maana sahani zote zilikuwa kwetu. Sebule tupu. Ukutani palibaki msumari na kalenda.

"Samahani, mama," yule dada akasema, na sauti yake ilishuka, ikawa ya msibani. "Hali ya maisha ya jirani yako hapo juu unaionaje?"

"Yoo! Wale?" jirani akajibu kwa fahari kabisa, akanikonyeza mimi, kama mtu anayekusaidia. "Wale hawana shida hata moja. Miye mwenyewe chumvi naomba kwao."

Yule dada akatazama sebule. Akatazama watoto na sufuria yao. Akauliza taratibu kama jirani ana binti aliyemaliza kidato cha sita. Jirani akasema binti yake yuko darasa la tatu. Dada akasikitika waziwazi, akaenda kwenye gari, akarudi na boksi la sabuni na taulo, akampa. Mwanamke mwenye mabati mapya na pikipiki mbili barabarani akapokea msaada wa dharura, akapiga makofi ya shukrani, na jioni, wakati makochi yanarudi, alitugawia nusu ya sabuni. Mtu mwema sana. Ningeweza kumnyonga.

Jibu lilikuja kwenye simu ya mzee wa steshenari, naye akanisomea polepole. Baada ya kutembelea familia wameona ina uwezo wa kujitegemea, wananitakia kila la heri.

"Mliazima," akasema.

"Tuliazima."

"Na nilisema. Mlichinja na kuku?"

"Tulichinja."

"Lahaula."

Mama nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikamwambia wameona familia yetu ina uwezo. Na mama yangu, namwona mpaka leo, aliinua uso na kutabasamu.

"Wameandika hivyo?" akasema. "Kwamba tuna uwezo?"

Nililipuka. Nilisema maneno ambayo kwetu mtoto hamwambii mama yake. Nilisema makochi yale yamenikalia mimi. Nikasema sasa akae na uwezo wake, aulime, aupike, tule uwezo. Nilipaza sauti mpaka kuku waliobaki wakatoka nje. Nilikuwa na hasira kama sijawahi kuwa nayo, na iliyonitia hasira zaidi ni kwamba sikuona wa kumlaumu kwa ubaya. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Kitongoji kizima kilinifanyia wema, kikiwa kimeshikana mikono.

Mama tabasamu lilimtoka taratibu, akainamia ungo wake, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage ambayo hayakuwa tena na mawe.

Asubuhi nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Twende Kasulu," akasema. "Unipeleke kwa yule mgeni."

Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati. Mzee wa steshenari alifunga duka na kututangulia kwa miguu mpaka kwenye ofisi ya mfuko, chumba cha kupanga nyuma ya soko, akatuacha mlangoni. Alimsalimia mama kwa heshima kubwa na hakutaja methali yoyote.

Yule dada wa Iringa alitukumbuka mara moja. Alisimama, akavuta kiti, akaagiza soda. Mama hakukaa. Alisimama mbele ya meza ameshika ncha ya kitenge, na akaanza kusema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuhesabu, ambacho hukitumia sokoni, zahanati na kwa wageni wasiojua Kiha tu.

"Yale makochi, sina. Kabati, sina. Ile televisheni, sina. Ng'ombe yule ni wa mzee wa kanisa, tena ni dume, maziwa sina. Mume yuko Tabora, mume sina." Akavuta pumzi. "Nina huyu. Wa kumsomesha, sina."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Nadhani kwa Kiha asingeweza kulitoa. Kwa Kiha lingekuwa yeye, lingekuwa mama yake na bibi yake. Kiswahili ni lugha ya shule na ya serikali, aliliweka pale mezani kama mtu anayeweka mzigo wa mtu mwingine. Hata hivyo ncha ya kitenge hakuiachia, na mimi nilitamani chuo kife, vyuo vyote vife, tuondoke.

Dada alivua miwani. "Mama, sasa mbona siku ile hukuniambia?"

"Siku ile ulikuwa mgeni kwangu," mama akasema. "Mgeni haambiwi sina. Leo mimi ndiye mgeni wako. Mgeni anaweza kuomba."

Kisha ndipo akakaa, akanywa soda yote.

Walirudi Nyakitonto bila taarifa, wakaikuta nyumba kama Mungu alivyoiacha. Mama alitandika mkeka, akawapa maji kwenye kikombe kimoja kwa zamu. Dereva aliuliza kwa unyonge kama leo hakuna kuku. Mama akaanza kumkimbiza jogoo wa mwisho uani kwetu kabla hatujamzuia, na yule dada akalazimika kumshika mama mikono yote miwili ili jogoo aokoke. Niliupata ufadhili. Nikaenda chuo.

Sasa nije Kibondo.

Mwaka wangu wa pili, mfuko huohuo ulinichukua kwa mafunzo kwa vitendo, fildi kama tunavyoiita. Maana ya fildi ni kwamba unafanya kazi ya watu watatu na unapewa fulana. Yangu iliandikwa kifuani kwamba binti akielimika taifa linaelimika, na ilikuwa kubwa kiasi cha kuelimisha mataifa mawili. Bosi wangu alikuwa yule dada wa Iringa. Alinituma Kibondo kutembelea familia za wasichana waliobaki kwenye mchujo, kuona hali zao, kurudi na ripoti na picha.

Nyumba zilizotangulia hazikunisumbua. Nyumba iliyonisumbua ilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kuelekea kambi ya wakimbizi, tofali mbichi, mlango mwembamba. Mama wa nyumba akanipokea kwa makofi na kuinama, nami nikajibu inavyopaswa. Akafurahi kusikia mimi ni Muha, halafu nikaona kama ameogopa kidogo. Akanikaribisha ndani.

Ndani kulikuwa na makochi.

Makochi mekundu, makubwa, na vitambaa vya kufuma. Fremu ya mlango ilikuwa imekwanguka pande zote mbili, kidonda kipya, udongo bado mbichi. Pembeni kulikuwa na redio kubwa yenye spika zake na haikuwa na betri. Na kwenye kona, karibu na mlango wa nyuma, amesimama binti na jagi la maji, ananiangalia kwa macho ya mtu anayezama ambaye amekatazwa kupiga kelele. Nilimjua binti yule. Nusura nimwambie ana macho mazuri.

"Maisha mnayaonaje, mama?" nikauliza, kwa sababu karatasi inaniambia niulize.

"Tunamshukuru Mungu, dada. Hatuna shida."

Kuku akaletwa.

Karatasi ya mfuko ina sehemu ya maelezo ya mzazi. Mzazi anatakiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe upungufu alionao. Nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeweza kumbana. Ningeweza kusema, mama, mimi ni wa huku, najua, kochi hili si lako, sema tu. Na angesema, kwa ajili ya binti yake angesema, nilikuwa na hakika. Nikakumbuka mikono ya mama imeshika ncha ya kitenge. Nikala kuku. Nikasifia mchuzi, nikaongezewa, nikala tena, kama yule dereva.

Nilipomaliza kunawa nikaomba nikawasalimie majirani, si kuwahoji, kuwasalimia tu. Nyumba ya kwanza walikuwa na viti vyao. Nyumba ya pili nilimkuta mzee na mkewe wamekaa chini, sakafuni, wamenyoosha miguu, wamestarehe kama watu walioko pikiniki. Sebule tupu. Kwenye sakafu ya udongo, karibu na ukuta, palikuwa na mashimo madogo ya miguu ya makochi, yamejipanga vizuri, na katikati yake udongo ulikuwa na rangi nyingine kwa kukosa kukanyagwa.

"Hao majirani zenu wanaendeleaje?" nikauliza.

"Hao?" mzee akasema. "Hao wana kila kitu."

Niliomba ruhusa nikapiga picha ya sakafu.

Niliporudi Kasulu, bosi wangu alipitia picha zangu moja moja akiwa anakunywa chai. Alipofika kwenye ile akaigeuza simu huku na huku.

"Hii ni nyumba ya mwombaji?"

"Hapana. Ya jirani yake."

"Sasa sakafu ya jirani inatuhusu nini?"

Nilimwacha aiangalie. Aliangalia mashimo, akaangalia picha iliyotangulia, ya makochi mekundu kwenye nyumba ya mlango mwembamba. Nikaona kikombe kinashuka mezani chenyewe.

"Kinu," akasema. "Yule mwanamke kwenye kinu. Mungu wangu, nilimpa sabuni."

"Na taulo."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na sijui yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akachukua karatasi yangu, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maelezo ya mzazi. Nilikuwa nimeandika neno kwa neno alichosema yule mama: tunamshukuru Mungu, hatuna shida, karibuni tena.

"Hii haitapita makao makuu," akasema. "Hapa wanataka mzazi aseme hana."

"Mama yangu alishasema," nikamwambia. "Inatosha."

Nilisema kwa ukali kuliko mwanafunzi wa fildi anavyoruhusiwa. Halafu akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno ya yule mama kwamba yeye mwenyewe anaithibitisha hali ya familia, akaambatisha picha zote mbili, akatia sahihi.

Siku jina la yule binti liliporudi kutoka makao makuu, limepita, nilimpigia mama simu. Alikuwa shambani, nilisikia jembe. Nikamsimulia yote, makochi mekundu, fremu iliyokwanguka, wazee waliokaa chini wakisema hao wana kila kitu. Sikumtajia ofisi ya Kasulu wala yale aliyosema mle ndani. Hatujawahi kuyazungumza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Jembe lilikuwa limenyamaza.

"Kuku walikuchinjia?" akauliza.

"Walinichinjia."

"Basi hao ni watu," mama akasema. "Msomesheni mtoto wao."